Kunywa, Baba!

Radka Vondrušková alikuwa na baba mwepesi kuliko wanaume wote wa pande zile za mpaka wa Wacheki na Wajerumani, na baba huyohuyo ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote. Juu ya baiskeli, Bohumil, pamoja na miaka yake sitini na tisa na goti lililokwisha kulika, alipanda milima huku akipiga mluzi. Lakini mpe kikombe cha maji ya chemchemi uone! Atafyonza kidogo, atatembea hatua saba, ataangalia dari, atafyonza tena. Utakuja kuzeeka hapo umesimama.

Mama yake Bohumil ndiye aliyemwambukiza hayo. Marehemu alichota maji kwenye chemchemi za Františkovy Lázně, mji wa maji ya tiba, kwa miaka thelathini, na akamfundisha mwanawe kwamba maji ya chini ya ardhi hunywewa kidogokidogo, mtu akitembea taratibu. Anayegugumia ni ng'ombe. Bohumil akakua, akawa fundi wa fidla huko Luby, kazi nyingine isiyotaka haraka, na somo la mama likamkaa hadi kwenye mifupa.

Angekuwa anakunywa hivyo sebuleni kwake, nani angejali? Shida ni Mbio za Vikombe. Kila Jumamosi ya pili ya Septemba waendesha baiskeli hutoka wawiliwawili Mariánské Lázně, wakapita Kynžvart, wakashuka mpaka Cheb, wakavuka mpaka kuingia Bad Brambach kwa Wajerumani, kisha wakarudi kumalizia Františkovy Lázně. Kila jozi ina kikombe kimoja cha kauri, kile kikombe bapa cha wageni wa tiba, ambacho mkono wake una tundu ndani kama mrija na mtu hunywa kupitia ncha yake. Chemchemi ni nne. Kwenye kila chemchemi, kila mmoja wa jozi amalize kikombe kizima mbele ya mchota maji, ndipo waondoke. Kanuni imeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa baa ya Bata Mweusi, mahali mbio zinapoishia kila mwaka kwa bia: *Kikombe kisichoshika maji ni kigae, na mwenye kigae apande treni.*

Chini ya kanuni ndipo yanapoandikwa majina ya washindi, mwaka baada ya mwaka. Jina la Bohumil halikuwepo. Alikuwa wa pili mara tano, na wa pili haandikwi. Mara zote tano alifika kwenye chemchemi ya mwisho akiwa wa kwanza, na mara zote tano watu walimpita amesimama na kikombe mdomoni, anaangalia dari.

Na sasa mlango ulikuwa unafungwa. Jumatatu iliyokuwa inakuja daktari wa Cheb angempasua goti amwekee la chuma. "Baiskeli ya kwenda kununua mkate, ruhusa," daktari alisema. "Mbio, sahau." Bohumil aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akarudi nyumbani, akakaa uani akilizungusha gurudumu la baiskeli kwa kidole mpaka supu ikapoa. Radka alimtazama kupitia dirishani.

"Mwaka huu naenda na wewe," alimwambia jioni ile. "Jina lako linaandikwa, Baba. Nakuapia."

Radka hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Alifanya kazi kwenye mabafu ya matope, akibeba ndoo za matope meusi ya moto na kuwakandika wageni wenye baridi yabisi tangu asubuhi hadi saa tisa. Mabega yake yalijulikana mji mzima.

*

Asubuhi ya mbio kulikuwa na baridi ya kuuma masikio na jua jeupe. Jozi ishirini na mbili zilijipanga kando ya ukumbi wa nguzo. Mapacha wawili wa Brambach, Falk na Gerd Pöhlmann, walikuwa mbele kabisa, vichwa vyekundu, miguu kama magogo. Walikuwa wameshinda miaka minne mfululizo na walikuwa wanakijua Kicheki kiasi cha kumchokoza mtu.

"Mzee Bohumil!" Falk aliita. "Mwaka huu tumekuletea kiti! Ukichoka kunywa, ukae!"

"Na mto wa kulalia," Gerd akaongeza.

"Nyie kunyweni kama ng'ombe," Bohumil aliwajibu, "halafu tukutane mlimani, tusikilize matumbo yenu yakiimba."

Watu wakacheka. Radka hakucheka. Alikuwa anakikagua kikombe: cha bibi yake, cheupe, kimechorwa ndege wa bluu, mkono mwembamba umepinda kama shingo ya bata. Baba yake alikataa katakata kutumia kingine.

"Baba, nisikilize. Leo unameza. Unafungua koo, unamimina, tunaondoka."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Fanya!"

Filimbi ikalia. Watu waliyavamia mabomba kama kiangazi kimewakuta jangwani. Radka alikunywa chake kwa pumzi tatu, maji ya gesi yakimchoma pua, akajaza tena, akampa baba yake. Bohumil alifyonza. Akameza. Akafyonza. Unyayo wake wa kulia ukainuka wenyewe, akaanza kutembea.

"Baba, unaenda wapi!"

"Siendi popote," alisema, naye tayari yuko hatua ya nne.

Wakaondoka wa mwisho. Radka alikisokomeza kikombe ndani ya soksi ya sufu, soksi akaitia mfuko wa nyuma wa jezi, akarukia baiskeli akiwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko. Lakini ngoja barabara ianze kupanda kwenda Kynžvart! Bohumil alikaa mbele yake, mgongo umelala, miguu inazunguka bila papara, na Radka akajibana nyuma yake kumkwepa upepo. Wakaanza kuwaokota watu. Jozi moja, jozi tatu, jozi saba. Wengine walikuwa wanabeua kila wanapokanyaga pedali, maana maji ya kule yana gesi na aliyeyagugumia huyasikia yakimpanda mpaka puani. Bohumil alipita katikati yao akipiga mluzi. Aliowatangulia walimtukana kwa mapenzi.

"Wa ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Wa sita!"

Huko Kynžvart Bohumil akafyonza tena, wakarudi kuwa wa kumi na moja. Radka alitamani kung'ata usukani. Kisha likaja teremko la kuelekea bonde la Cheb, kilomita juu ya kilomita, mashamba ya mahindi pande zote, upepo ukivuma masikioni hata mtu asisikie wazo lake mwenyewe, na hasira zikamwishia Radka zote. Alikuwa anacheka peke yake. Baba yake alikuwa mbele, kiwiko ndani, kichwa chini, anakata kona kama kijana wa miaka ishirini. Huyu ndiye baba aliyemfundisha kushika breki kwa vidole viwili, na Jumatatu wangemlaza mezani. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, akakanyaga zaidi.

Kwenye uwanja wa Cheb mawe ya barabara yaliwatikisa meno. Soksi mfukoni ilidunda, Radka akarudisha mkono nyuma akaishikilia, akaendesha kwa mkono mmoja. Zaidi ya mabwawa ya Soos, kule matope yanakochemka na kunuka mayai viza, walizipita jozi mbili za mwisho kabla ya mapacha. Huko Plesná wakawaona. Jezi mbili za njano, mita mia tatu mbele.

"Wale pale!" Radka alipiga kelele.

"Nawaona. Usipige kelele, unapoteza pumzi."

Waliwafikia palepale kwenye bango la mpaka, wakaingia Brambach wanne wamepangana bega kwa bega, na watu barabarani wakishangilia upande wao na upande mwingine bila kujali nani ni wa nchi gani.

*

Hapo Brambach ndipo Radka alipopasuka.

Mapacha walimimina vikombe vyao, puu, puu, wakaondoka. Radka alimaliza chake. Bohumil akachukua kikombe kwa mikono miwili, akafyonza, akaanza zile hatua zake. Mama mchota maji wa Kijerumani alimtazama kwa huruma. Hatua saba kwenda. Hatua saba kurudi. Jezi za njano zikapotea kwenye kona.

"Bibi alikufa miaka ishirini iliyopita!" Radka alilipuka. "Ishirini, Baba! Hakuoni! Hakuna atakayekuchapa!"

Bohumil aliondoa mrija mdomoni. Uso wake ulikuwa na aibu ya mtoto.

"Nikiyameza koo linafunga," alisema polepole. "Mimi pia nataka liandikwe, mwanangu. Unadhani sitaki? Koo linakataa."

Radka alifuta pua kwa glavu, akasubiri. Baba yake alipomaliza, alichukua kikombe, akakirudisha kwenye soksi, akasema tu, "Twende."

Baada ya Brambach kuna mlima wa mwisho, wa kupitia msitu hadi kijiji cha Schönberg, na huo mlima Bohumil aliupanda kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Hakupiga mluzi. Alisimama juu ya pedali, goti bovu likilia ka, ka, ka, Radka akimsikia na kuumia naye. Nusu ya mlima wakawakuta mapacha. Vikombe vitatu vya gesi vilikuwa vimeanza kudai haki yake: Falk alikuwa wa kijani, na Gerd alikuwa amepatwa na kwikwi zinazomrusha juu ya kiti.

"Kiti kiko wapi?" Bohumil aliwauliza akipita. "Naona mnakihitaji."

"Nenda ku— hik!" alisema Gerd.

Walifika kileleni peke yao. Mbele, teremko, mpaka, kilomita tisa za mwisho! Radka alitangulia ili amkinge baba yake na upepo, akaachia breki. Barabara ile imepandwa mitufaa pande zote mbili tangu zamani za mababu, na Septemba hakuna anayeyaokota matufaa. Huanguka, magari huyasaga, lami huwa uji. Kila mwenyeji analijua hilo. Radka alilijua tangu akiwa na meno ya utoto. Lakini alikuwa amegeuza shingo kuangalia nyuma kama jezi za njano zinakuja.

Gurudumu la mbele likateleza. Aliona anga, akaona nyasi, akaburuzika kwa nyonga mpaka mtaroni, na kitu kikasema *tak* mgongoni mwake.

Bohumil alifunga breki na kuruka chini. "Umeumia? Radka! Mkono? Kichwa?"

"Kikombe," alisema Radka. "Baba, kikombe."

Mapacha walitokea juu ya kilima. Walipunguza mwendo, Falk akauliza kwa uso wa kweli, "Mzima?" Radka akainua mkono kuashiria ndiyo, kama ada ilivyo, na wao wakaendelea. Kisha akakaa palepale kwenye matufaa yaliyooza, akatoa soksi, akaikung'uta. Kikombe kilitoka kizima. Mkono wake ukatoka vipande vitatu. Pale chini, ulipokuwa umeungana na kikombe, palibaki tundu la ukubwa wa punje ya njegere.

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Nimekivunja. Cha bibi. Na ni kigae sasa, basi, imekwisha. Nilikuapia."

Bohumil alikichukua. Akakigeuzageuza kama anavyogeuza fidla iliyopasuka, akaweka kidole gumba juu ya tundu, akakitoa, akakiweka tena. Kidole kililifunika tundu lote.

"Panda baiskeli," alisema.

"Kanuni inasema—"

"Naijua kanuni inavyosema, nimeisoma miaka thelathini nikitafuta jina langu chini yake. Panda!"

*

Kilomita nane zilizobaki waliziendesha kufa na kupona. Radka aliweka mabega yake ya matope mbele, nyonga ikiwaka moto, damu ikimchirizikia ndani ya soksi, na nyuma yake akasikia goti: ka, ka, ka. Waliingia Františkovy Lázně kati ya nyumba zake za njano. Wazee waliokuwa wakitembea na biskuti zao nyembamba mkononi waliruka pembeni. Mapacha walikuwa wanashuka kwenye baiskeli mlangoni mwa jengo la chemchemi wakati Radka na Bohumil wanatupa zao kwenye majani.

Ndani alikaa Bi Kroupová, mchota maji, mwanamke mkavu aliyevaa koti jeupe, ambaye siku hiyo ndiye hakimu na hakuna aliyewahi kumwona akimpendelea mtu. Maji ya pale ni ya chumvi ya Glauber, dawa ya waliofunga choo. Wenyeji hawayachezei. Daktari humwandikia mgeni kikombe kimoja, akinywe nusu saa nzima, na awe karibu na chumba chake.

Falk tayari alikuwa anameza, macho yamemtoka. Radka alinyoosha kikombe.

"Kigae hicho!" Gerd alipaza sauti. "Hik! Hakina mkono! Wapande treni!"

Watu wakasogea karibu. Bi Kroupová alivaa miwani yake, akakitazama kikombe, akaliona tundu. Bohumil akaliziba kwa kidole gumba. Bi Kroupová akajaza hadi ukingoni, akainama, akatazama chini ya kikombe, akahesabu kimoyomoyo. Hakikudondosha hata tone.

"Kanuni inasema kikombe kishike maji," alitamka. "Haisemi kiyashike peke yake. Kunyweni."

Ukumbi ulilipuka. Radka alikunywa huku baba yake ameziba tundu, wawili wamekumbatia kikombe kama wanagombania, maji yenye uchungu na chumvi yakimkwaruza ulimi, akamaliza. Falk naye alimaliza. Bi Kroupová akajaza vikombe viwili kwa mpigo: kimoja cha Gerd, kimoja cha Bohumil. Sasa kidole kilikuwa cha Radka.

Gerd alipiga funda la kwanza. Kwikwi ikamrudishia yote puani.

Bohumil aliinua kikombe, akakigeuza upande kutafuta mkono, kama alivyofanya tangu ana miaka minne. Midomo yake ikachongoka. Hakuna mkono. Akatafuta upande wa pili. Hakuna. Akamtazama binti yake kwa hofu ya kweli.

"Hakuna pa kufyonzea," alinong'ona.

"Hakuna," alisema Radka, na ndipo alipoelewa. "Baba! Hakuna! Fungua mdomo! Na huwezi kutembea popote, kidole changu kiko hapa! Kunywa, Baba!"

"Kunywa!" alidakia mtu fulani nyuma. "Kunywa, Bohumil! Kunywa! Kunywa!" Wageni wa tiba wakapiga fimbo zao sakafuni. Gerd alipiga funda la pili, likakaa, akapiga la tatu. Bohumil Vondruška alifumba macho, akafungua mdomo, akainamisha kikombe cha mama yake, akagugumia. Kama ng'ombe. Kama ng'ombe watatu. Koromeo lilipanda na kushuka, maji yakamwagikia kidevuni, na kikombe kikasimama kichwa chini juu ya uso wake, kitupu.

Akabeua. Sauti ilipiga dari ikarudi.

"Vondruška," Bi Kroupová alisema, akabonyeza saa yake. Gerd alikuwa amebakiza vidole viwili vya maji.

Radka hakumbuki nani alimbeba nani. Anakumbuka Falk akimpiga baba yake mgongoni na kusema, "Mzee, koo hilo ulilificha wapi?" na baba yake akilia na kucheka, akikishika kile kikombe kifuani na kukataa kumpa mtu yeyote.

Bata Mweusi ilijaa hadi mlangoni. Mwenye baa alipanda kwenye kiti, kopo la rangi ya kijani mkono huu, brashi mkono ule. Bohumil aliketishwa mbele kabisa, mita moja kutoka ukutani, ili asikose hata herufi moja.

"Tuanze na nani?" aliuliza mwenye baa.

Bohumil alifungua mdomo ajibu. Uso wake ukabadilika. Akasikiliza kitu kilicho ndani yake, mbali, kinachokuja kwa kasi. Akasimama polepole. Kisha, goti au hapana goti, akakimbia.

Kicheko kilitikisa glasi. Mlango wa msalani ukajibamiza, na baada ya kimya kifupi sauti yake ikasikika kutoka ndani.

"Radka!"

"Naam, Baba!"

"Bibi yako alikuwa na sababu!"

Mwenye baa aliandika kwa utaratibu, akasubiri, akapitisha mkono wa pili wa rangi, akasubiri tena. Mapacha nao walikwenda mmoja baada ya mwingine, wakaungana na foleni. Bohumil alipotoka, mweupe kama karatasi, watu walikuwa wameshageukia nyama na viazi. Rangi ilikuwa imekauka. Aliigusa kwa kidole gumba kuhakikisha.

Mtu alimpa bia. Alifyonza kidogo, akatembea hatua saba kurudi nyuma, akaliangalia jina lake. Akafyonza tena. Radka alikaa na barafu kwenye nyonga, akamwangalia, wala hakumwambia afanye haraka.